Kliki Katikati ya Zaburi: Kupachika Kipande cha Sauti Bila Kuacha Kovu

Katika somo lililopita tuliongea juu ya mahali pa kusimamisha maikrofoni mbele ya kwaya. Leo tunaingia katika jambo dogo ambalo limetuaibisha mara nyingi kuliko maikrofoni iliyowekwa vibaya: ule mlio mfupi, "tak", unaosikika pale tulipokata sauti ya zamani na kupachika mpya. Mafundi wa studio huuita kliki, na kazi yenyewe ya kupachika huiita kupanchi. Tutayatumia maneno hayo bila kuona haya, maana ndiyo yanayosemwa.

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Kiangazi fulani tulipanda Pare ya kusini, kwenye parokia iliyokuwa ikijiandaa kwa jubilei. Ukitoka Same mjini, penye joto, vumbi na upepo usiopumzika, na kupanda kwa saa kadhaa, unafika mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia hadi ndani ya kanisa. Huko ndiko kwenye Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare, mita 2,462, na mawingu yake hayana ratiba. Tulikwenda kurekodi kwaya, lakini paroko alituomba tumrekodi kwanza mzee mmoja, katekista mstaafu aliyevuka miaka themanini, ambaye ndiye aliyewafundisha wanakwaya wengi wa pale kuimba zaburi. Aliimba Zaburi ya 23 peke yake, aya kwa aya, na kwaya ikapokea kiitikio.

Katika aya ya nne alikohoa. Tukamwambia, "Mwalimu, tunaomba urudie aya hiyo moja tu." Akajibu, "Haya, wanangu," akarudia vizuri kuliko mara ya kwanza. Sisi tuliweka mshale pale aya inapoanza, tukabonyeza kitufe chekundu, tukasimamisha baada ya yeye kumaliza. Programu tuliyotumia wakati ule iliandika sauti mpya juu ya ile ya zamani. Tukahifadhi, tukafunga kompyuta, tukanywa chai ya tangawizi ya milimani, tukateremka tukiwa tumeridhika.

Usiku, tukiwa na hedifoni masikioni, tulisikia tulichokifanya. Mwanzo wa aya ya nne kulikuwa na "tak". Mwangwi wa kiitikio kilichotangulia ulikatika ghafla, kama kamba iliyokatwa kwa panga. Mwishoni kulikuwa na "tak" nyingine, na kwa kuwa tulichelewa kusimamisha, silabi ya kwanza ya kiitikio kilichofuata ilikuwa imefutika. Tulijipa moyo kwamba tutarudi baada ya wiki chache. Kabla hatujarudi mzee alifariki, na binti yake akatuma ujumbe akiomba zaburi ile isikike nyumbani siku ya arobaini.

Kwa nini sauti hulia "tak"

Sauti ndani ya kompyuta ni safu ya namba. Ukirekodi kwa kiwango cha CD, kila sekunde ina namba 44,100, na kila namba huitwa sampuli. Namba hizo huonyesha mahali pa wimbi wakati ule: juu ya mstari wa katikati, chini yake, au juu ya mstari wenyewe, ambao ndio sifuri. Sauti ya mtu anayeimba husogeza wimbi kwa mfuatano, kila sampuli ikiwa jirani wa karibu na iliyotangulia.

Sasa kata wimbi hilo mahali popote, kisha unganisha na wimbi lililorekodiwa wakati mwingine. Sampuli ya mwisho ya upande wa kushoto huenda iko juu sana, na ya kwanza ya upande wa kulia iko chini sana. Kati yao hakuna njia, kuna ukuta. Koni ya spika inaamriwa kuruka kutoka juu hadi chini kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na mruko huo ndio unaousikia. Mruko wa ghafla hubeba masafa yote kwa pamoja, ya chini na ya juu, ndiyo maana kliki haifanani na noti yoyote ya muziki na sikio huitambua hata ikiwa fupi sana.

Wale wa zamani waliotumia kanda walikuwa na dawa ya ugonjwa huu bila kuuita hivyo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi kwaya na bendi kwenye mikanda ya reli kwa miaka mingi, na kazi ya kuunganisha mkanda duniani kote ilifanywa kwa wembe na gundi ya utepe. Wembe haukukata wima. Ulikata mshazari, mara nyingi nyuzi 45. Mkanda wa robo inchi una upana wa milimita 6.35. Ukipita mbele ya kichwa cha mashine kwa sentimita 38 kwa sekunde, mkato wa mshazari huchukua kama sehemu 17 za elfu moja za sekunde kupita wote. Katika muda huo sauti ya zamani inapungua huku mpya ikiongezeka. Hakuna ukuta, kuna mteremko na mpando vinavyopishana. Kompyuta inafanya jambo lile lile kwa hesabu, na mafundi huliita krosifedi. Sisi darasani tunaliita mpishano.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya

Kanuni ya kwanza tuliilipia bei kubwa: usirekodi juu ya sauti ya zamani. Kila jaribio liwe kwenye traki yake, au liwe faili lake. Programu kama Reaper hufanya hivyo zenyewe, kila ukirekodi hutengeneza faili jipya na la zamani hubaki. Katika Audacity, ambayo ni ya bure na ndiyo tunayoikuta katika parokia nyingi, fungua traki mpya, nyamazisha kipande chenye kosa, rekodi chini yake. Audacity ina pia njia ya kupanchi iliyoingia mwaka 2018, kwa vitufe vya Shift na D: unaweka mshale, inakusikilizisha sekunde tano za nyuma, kisha inaanza kurekodi na kuweka mpishano mfupi yenyewe. Ni nzuri kwa msomaji wa tafakari au rozari anayeendelea mbele baada ya kosa. Lakini hufuta kilichofuata katika kipande hicho baada ya mshale, kwa hiyo usiitumie katikati ya wimbo ambao mwisho wake unaupenda.

Kanuni ya pili inamhusu mwimbaji kuliko mashine. Asianze pale kosa lilipo. Mwombe aanze sentensi nzima nyuma, aimbe pamoja na sauti yake ya zamani anayoisikia kwenye hedifoni, apite kosa, aendelee sentensi nzima mbele. Faida ni nyingi. Pumzi yake inakuwa ile ile, sauti haipandi ghafla kama ya mtu aliyeshtuliwa, na wewe unapata nafasi pana ya kuchagua mahali pa kukata. Pia mwangwi wa jengo unakuwa umeshajazwa. Kanisa lenye kuta za mawe na paa la bati hushika sauti kwa muda, na neno lolote linaloimbwa linasimama juu ya mkia wa neno lililotangulia. Ukipachika neno lisilo na mkia huo chini yake, hata kama kliki haipo, msikilizaji atahisi kwamba mtu amehamishwa chumba.

Basi kata wapi? Vitabu vya Kizungu husema kata penye ukimya, na ni kweli, pumzi ya mwimbaji ni mahali pazuri. Lakini zaburi ya mzee haina ukimya mwingi, na hapa lugha yetu inatusaidia kwa namna ambayo vitabu hivyo havisemi. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwenye vokali. Vokali ni wimbi refu linalojirudia, na kukata katikati yake ni sawa na kukata kanga katikati ya ua: kila mtu ataona mshono. Tafuta konsonanti. Zilizo bora ni p, t na k, kwa sababu kabla ya kuzitamka midomo au ulimi huziba hewa kwa kitambo kidogo, na katika kitambo hicho wimbi karibu linalala. Katika neno "mtakatifu" kuna milango mitatu ya namna hiyo, mmoja kabla ya kila t na mmoja kabla ya k. S, sh na f pia husaidia, kwa kuwa mlio wao ni wa mchakato kama upepo na kliki ndogo hujificha ndani yake. Zilizo mbaya ni mb, nd, nj na ng: huanza kwa mvumo wa puani ambao ni wimbi kamili kama vokali. Neno linaloanza na "Mungu" au "mbingu" usilikate mwanzoni ukidhani pako wazi; sogea nyuma hadi kwenye pumzi.

Ukishachagua mahali, kuza picha ya wimbi hadi uone sampuli moja moja. Kata pale wimbi linapovuka mstari wa sifuri. Audacity hukusogezea mipaka ya uteuzi hadi kwenye mvuko wa karibu ukibonyeza Z. Lakini angalia mwelekeo. Kama upande wa kushoto wimbi linavuka likipanda, upande wa kulia nao lianze likipanda. Likikutana linalopanda na linaloshuka, pande zote ziko sifuri, ukuta haupo, lakini kuna kona kali, na kona nayo husikika, kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu aliyegonga meza kwa kidole.

Kisha weka mpishano. Wa sehemu 10 za elfu moja za sekunde hutosha kwa usemi na kwa sauti ya kwanza na ya pili. Kwa besi hautoshi. Mwimbaji wa besi akiwa kwenye noti ya mizunguko 100 kwa sekunde, mzunguko mmoja peke yake unachukua sehemu 10 za elfu. Mpishano wako utakwisha kabla wimbi halijazunguka hata mara moja zaidi. Mpe besi 30 au 40. Na kama unapishanisha mkia wa mwangwi, nenda hadi robo ya sekunde bila woga. Kwa mpishano mrefu, chagua mkunjo wa duara kuliko mstari ulionyooka. Ukitumia mstari ulionyooka kati ya sauti mbili zisizolingana wimbi kwa wimbi, katikati kila moja ipo nusu, na jumla yake husikika imepungua, desibeli 3 hivi. Huo ni upungufu ambao msikilizaji huusikia kama sauti iliyozama na kuibuka.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Unakata penye ukimya kamili, bado inalia "tak". Kuza picha: utaona ukimya wenyewe haupo kwenye mstari wa sifuri, umekaa juu yake au chini yake kidogo. Kadi za sauti za bei nafuu hufanya hivyo. Ukiunganisha ukimya huo na ukimya wa kweli wa kompyuta, umejenga ngazi. Katika Audacity dawa yake iko ndani ya Normalize, penye kisanduku cha kuondoa mhamo huo wa wimbi; fanya hivyo kabla ya kukata chochote.

Si kila "tak" ni ya kupachika

Kabla ya kujilaumu, sikiliza mara tatu. Kama mlio unahama, leo uko hapa na ukirudia uko pale, haumo katika faili; kompyuta imelemewa wakati wa kucheza, na dawa ni kuongeza bafa na kufunga programu nyingine. Kama uko mahali pale pale lakini hapana mkato hapo, uliingia wakati wa kurekodi: kompyuta ilipoteza sampuli, au jokofu la parokiani lilijiwasha, au mwimbaji ana mdomo mkavu. Maji ya uvuguvugu husaidia la mwisho.

Na ukirekodi Same mjini au tambarare ya kuelekea Mkomazi, usisahau bati. Jua likipanda saa nne asubuhi, bati hutanuka na kulia, na likitulia jioni hulia tena. Tuliwahi kukaa siku nzima tukitafuta mkato ambao haukuwepo, hadi mmoja wetu alipoinua macho juu. Tangu hapo, tukiwa tambarare, tunarekodi usiku au alfajiri.

Namna tulivyoiponya zaburi

Turudi kwa mzee. Kliki ya mwisho wa aya ilikuwa nyepesi kuondoa. Tuliikuza, tukaona mruko umeharibu sampuli kama ishirini. Audacity ina kifaa kinachoitwa Repair ambacho hukisia upya sampuli zisizozidi 128, yaani karibu sehemu tatu za elfu za sekunde, kwa kutazama wimbi la pande mbili. Tulichagua eneo dogo kabisa, tukakitumia mara moja, mlio ukaisha. Tunasisitiza eneo dogo: ukiteua kipana, kifaa kinakataa au kinapaka rangi juu ya sauti nzuri. Pale kisipofaa, kuna kalamu ya kuchora sampuli kwa mkono, kazi ya subira kama kutoa mwiba. Ile dawa ya jumla inayosafisha kliki katika faili zima sisi hatuipendi kwa sauti ya mtu, kwa kuwa nayo hula ncha za t na k.

Silabi ya kiitikio iliyofutika tuliiazima. Kiitikio kinarudi baada ya kila aya, kwaya ile ile, mahali pale pale, saa ile ile. Tulichukua kiitikio kizima cha baada ya aya ya pili, tukakipachika kwa mpishano kwenye pumzi. Mwanzo wa aya ya nne ndio ulitutoa jasho. Sauti ya zamani chini ya mkato haikuwepo tena, kwa hiyo hapakuwa na cha kupishanisha. Tukakata mkia wa mwangwi kutoka kiitikio kingine, tukaulaza chini ya pumzi ya mzee kwa mpishano wa robo sekunde. Tulirudia hadi saa nane usiku. Ukisikiliza kwa spika husikii kitu. Kwa hedifoni, anayejua mahali atapasikia.

Mmoja wa wenzetu aliuliza swali ambalo tuliligeuza mjadala wa darasa: je, hii bado ni sala ya mzee? Wengine walikumbusha kwamba Kanisa limekuwa na tahadhari na sauti za mashine. Maagizo juu ya muziki mtakatifu ya mwaka 1958 yalikataza kabisa vinasa sauti kuchukua nafasi ya waimbaji katika liturujia. Lakini sisi hatukuwa tukiandaa liturujia, tulikuwa tukiandaa kumbukumbu ya kusikilizwa nyumbani. Tulikubaliana mambo mawili. Kuunganisha alichoimba yeye mwenyewe si uongo, ila kumwimbisha ambacho hakuimba ni uongo. Na wenye sauti waambiwe kilichofanyika.

Kwa hiyo tulimweleza binti yake yote, hata kiitikio cha kuazima. Alisikiliza aya zote kimya. Kisha akauliza, "Na kile kikohozi chake mlikipeleka wapi?"

Tulimjibu kwamba tulikifuta. Hakukasirika. Alisema tu kwamba ndani ya nyumba walikuwa wakimtambua mzee amerudi kutoka kanisani kwa kikohozi kile, kabla hajafika mlangoni.

Tulipiga simu kwa wanakwaya mmoja mmoja. Wa tano alikuwa amerekodi mazoezi yote kwa simu yake, akiwa ameiweka juu ya benchi. Sauti iko mbali, kuna jogoo na mtoto anayelia, na aya ya nne ipo na kikohozi chake, haijakatwa popote. Hatukuigusa. Kwenye flashi tuliyompelekea kuna mafaili mawili, na la simu ndilo tuliloliweka la kwanza.